Emin Pasha

Emin Pasha (jina la kuzaliwa: Isaak Eduard Schnitzer, 28 Machi 1840 – 23 Oktoba 1892) alikuwa daktari, mtaalamu wa viumbe na mtawala kutoka Ujerumani aliyefanya kazi katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Alikuwa gavana wa jimbo la Ekwatoria chini ya serikali ya Misri, na baadaye mtumishi wa Ujerumani katika koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Katika historia ya Tanzania anakumbukwa hasa kwa kuanzisha kituo cha Bukoba kwenye mwambao wa magharibi wa Ziwa Viktoria mwaka 1890.

Sehemu kubwa ya maisha yake ilipita mipakani, mbali na wakubwa waliomtuma, akiwa na askari wachache na majirani wenye nguvu kuliko yeye. Kwa sababu hiyo kazi yake ilitegemea zaidi mazungumzo kuliko vita. Aliweza kukaa kwa amani na Kabaka Mutesa wa Buganda, na kwa miaka mingi na Omukama Kabarega wa Bunyoro. Hata hivyo, mara kadhaa alitumia silaha, na vituo alivyoviweka vilitumiwa na waliomfuata kuwatawala wenyeji.

Maisha ya awali

Schnitzer alizaliwa Oppeln katika Silesia, sehemu ya Prussia wakati ule (leo Opole nchini Poland). Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Familia ilihamia mji wa Neisse alipokuwa na umri wa miaka miwili. Baba yake, aliyekuwa mfanyabiashara, alifariki mwaka 1845. Mama yake aliolewa tena na Mkristo, na watoto wakabatizwa katika kanisa la Kilutheri.

Alisoma tiba katika vyuo vikuu vya Breslau, Königsberg na Berlin, akamaliza mwaka 1864. Hakupata kibali cha serikali cha kufanya kazi ya udaktari, hivyo aliondoka Ujerumani kutafuta ajira katika Milki ya Osmani. Alipata kazi ya daktari wa karantini katika bandari ya Antivari kwenye Bahari ya Adria (leo Bar nchini Montenegro). Huko alijifunza Kituruki na lugha nyingine za eneo hilo.

Mnamo mwaka 1870 aliingia katika utumishi wa Ismail Hakki Pasha, gavana wa Albania ya Kaskazini. Gavana huyo alipofariki mwaka 1873, Schnitzer alimchukua mjane wake pamoja na watoto hadi Neisse, akiwatambulisha kama familia yake mwenyewe. Mwaka 1875 aliwaacha ghafla na kwenda Misri. Mwishoni mwa mwaka huo alifika Khartoum nchini Sudan, ambako alifungua kazi ya uganga na kuanza kukusanya mimea na wanyama. Tangu wakati huo alitumia jina la Mehemet Emin na kuishi kama Mwislamu.

Safari za Buganda na Bunyoro

Wakati ule Misri ilikuwa ikipanua utawala wake kuelekea kusini kwa kufuata Mto Naili. Jimbo jipya la Ekwatoria liliongozwa na Mwingereza Charles Gordon, aliyemwita Emin mwaka 1876 kuwa daktari mkuu wa jimbo. Gordon aligundua upesi kwamba daktari huyo alijua lugha nyingi na aliweza kuongea na watu wa kila aina, akaanza kumtuma kama mjumbe.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ngumu. Gordon alikuwa amepeleka kikosi cha askari 160 chini ya Nuehr Agha kujenga ngome upande wa Buganda. Kabaka Mutesa hakuwafukuza wala kuwapiga vita. Aliwakaribisha katika mji wake mkuu na kuwaweka hapo, wakategemea chakula kutoka kwake na kushindwa kuondoka bila ruhusa yake. Gordon hakuwa na jeshi la kutosha kuwakomboa kwa nguvu. Vita na Buganda ingeweza kuivunja kabisa Ekwatoria.

Emin alifika kwa Mutesa katikati ya mwaka 1876. Alifuata desturi za ikulu, akasubiri kuitwa, na kuzungumza na Kabaka mara kadhaa. Mwishoni Mutesa aliwaruhusu askari wote waondoke, nao wakarudi Mruli bila risasi kupigwa. Kwa Buganda tokeo lilikuwa kubwa: Misri haikupata tena nafasi ya kuweka kikosi ndani ya nchi hiyo.

Mwaka 1877 Emin alitumwa Bunyoro. Uhusiano wa nchi hiyo na Misri ulikuwa mbaya tangu Mei 1872, Samuel Baker alipotangaza huko Masindi kwamba Bunyoro imekuwa mali ya Misri. Kabarega alimpiga vita, na baada ya wiki chache Baker alilazimika kuchoma kambi yake na kukimbia. Baker aliandika juu ya Kabarega kama mtu mwovu asiyeaminika. Emin alikwenda bila jeshi, akapokewa vizuri, na taarifa zake zilimweleza Kabarega kuwa mtawala mwenye akili na ukarimu. Kutoka Bunyoro aliendelea tena hadi Buganda, akakaa huko hadi mwanzo wa mwaka 1878.

Gavana wa Ekwatoria

Gordon alipokuwa gavana mkuu wa Sudan yote, alimteua Emin kuwa gavana wa Ekwatoria mwaka 1878 na kumpa cheo cha bey. Makao yake makuu yalikuwa Lado kando ya Naili, kaskazini kidogo ya mji wa leo wa Juba. Jimbo lilikuwa kubwa lakini maskini. Askari wengi walikuwa Wasudani, baadhi yao waliwahi kuwa watumwa, na maafisa wengi walikuwa Wamisri waliohamishiwa huko kama adhabu. Meli kutoka Khartoum zilichelewa mara kwa mara kwa sababu ya magugu yaliyoziba mto.

Mwaka 1879 vituo vya kusini vilivyopakana na Bunyoro, vikiwemo Mruli na Foweira, viliondolewa kwa amri ya Gordon. Kuvilinda kulihitaji askari ambao jimbo halikuwa nao, na kuwepo kwao kulikuwa chanzo cha ugomvi na Kabarega. Uamuzi huo ulipunguza eneo la jimbo, lakini uliliwezesha kukaa na jirani yake bila vita kwa miaka iliyofuata.

Ndani ya jimbo Emin alijaribu kuzuia biashara ya watumwa na unyang'anyi wa maafisa wake mwenyewe. Aliboresha barabara na vituo, akahimiza kilimo cha pamba na mazao mengine, na mapato ya jimbo, hasa kutokana na pembe za ndovu, yaliongezeka. Alimwoa mwanamke Mhabeshi, na binti yao Ferida alizaliwa mwaka 1884.

Vita ya Mahdi na kutengwa

Mwaka 1881 Muhammad Ahmad alijitangaza kuwa Mahdi na kuanzisha vita dhidi ya utawala wa Misri nchini Sudan. Mwaka 1884 jimbo jirani la Bahr el Ghazal lilianguka. Kamanda wake Karam Allah alimwandikia Emin akimtaka ajisalimishe. Emin aliita mkutano wa maafisa wake, na ujumbe ukatumwa kujadiliana na Karam Allah. Wakati mazungumzo yakiendelea alipata muda wa kukusanya vikosi vyake. Baadhi ya vituo vilipotea, lakini sehemu ya kusini ya jimbo ilibaki.

Khartoum ilitekwa Januari 1885 na Gordon akauawa. Emin hakuwa tena na njia ya kupata barua, risasi wala mishahara kutoka kaskazini. Mwaka huohuo alihamishia makao yake Wadelai, karibu na Ziwa Albert. Njia pekee iliyobaki ilikuwa kusini: kupitia Bunyoro na Buganda, kuvuka Ziwa Viktoria kwa mitumbwi, halafu kwa miguu hadi pwani ya Zanzibar.

Kwa hiyo urafiki na Kabarega ulikuwa suala la uhai. Mpelelezi Wilhelm Junker alipitia njia hiyo mwaka 1886, akabeba barua za Emin na kufika Zanzibar mwishoni mwa mwaka. Mwitalia Gaetano Casati aliwekwa Bunyoro kama mwakilishi wa Emin. Lakini Kabarega alikuwa na wasiwasi wake. Aliona kwamba njia hiyo ingeweza kuleta wageni wengi zaidi, na alisikia habari za jeshi la Wazungu lililokuwa likija. Januari 1888 alimkamata Casati, akamfunga na kumfukuza. Casati aliponea chupuchupu, na mlango wa kusini ukafungwa.

Safari ya Stanley na kufika kusini mwa ziwa

Barua zilizoletwa na Junker ziliamsha hisia kali Ulaya. Kamati iliundwa Uingereza na Henry Morton Stanley akapewa uongozi wa msafara wa kumwokoa Emin. Mwaka 1887 Misri ilimpandisha cheo kuwa pasha. Stanley alichagua kupitia Kongo, kwa msaada wa mfanyabiashara mashuhuri Tippu Tip, na msafara ulipoteza mamia ya watu katika msitu wa Ituri kwa njaa, magonjwa na mapigano. Alipokutana na Emin kando ya Ziwa Albert tarehe 29 Aprili 1888, waokoaji walikuwa katika hali mbaya kuliko yule waliyekuja kumwokoa.

Emin hakutaka kuondoka. Askari wake walikuwa na wake, watoto na mashamba, na wengi hawakuamini kwamba njia ya kwenda Misri ingeweza kuanzia kusini. Habari kwamba gavana anapanga kuwahamisha zilisababisha uasi. Agosti 1888 askari walimkamata Emin pamoja na Arthur Jephson, afisa wa Stanley, wakawaweka kizuizini Dufile. Waliachiwa tu baada ya jeshi la Mahdi kushambulia tena na kuteka kituo cha Rejaf.

Tarehe 10 Aprili 1889 msafara wa watu wapatao 1,500 uliondoka karibu na Ziwa Albert. Ulipita chini ya milima ya Ruwenzori, Ankole na Karagwe, ukafika Usambiro kusini mwa Ziwa Viktoria mwishoni mwa Agosti. Hapo mmisionari Mskoti Alexander Mackay alikuwa na kituo baada ya kulazimika kuondoka Buganda. Msafara ulipumzika kwa muda wa siku ishirini hivi. Mackay alifariki hapohapo Usambiro miezi michache baadaye, Februari 1890.

Baada ya kuondoka Usambiro msafara uliingia nchi ya Wasukuma. Watemi wa huko, kama watawala wengine wengi kwenye njia za misafara, walikuwa na haki ya kudai hongo. Wakati ule neno hili lilimaanisha ushuru wa kupita katika nchi yao. Safari hii ugomvi uligeuka kuwa mapigano ya siku kadhaa, na Stanley alitumia bunduki ya Maxim dhidi ya Wasukuma. Emin alikuwa ndani ya msafara lakini hakuwa na amri juu yake.

Tarehe 4 Desemba 1889 walifika Bagamoyo. Jioni ileile, katika karamu ya kuwapokea, Emin ambaye macho yake yalikuwa dhaifu alianguka kutoka ghorofani na kuumia vibaya kichwani. Alilazwa kwa wiki nyingi. Stanley alirudi Ulaya bila yeye.

Katika utumishi wa Ujerumani

Alipopona, Emin hakurudi Misri wala Ulaya. Aliingia katika utumishi wa Ujerumani chini ya Hermann von Wissmann, aliyekuwa amemaliza kupiga upinzani wa pwani ulioongozwa na Abushiri na Bwana Heri. Aprili 1890 aliondoka Bagamoyo na msafara wa askari na wapagazi mia kadhaa. Pamoja naye walikuwa Franz Stuhlmann, mtaalamu wa viumbe, na afisa Wilhelm Langheld. Padre August Schynse wa shirika la Wamisionari wa Afrika (Mapadre Weupe) alifuatana nao pia. Jukumu la Emin lilikuwa kueneza mamlaka ya Ujerumani hadi maziwa makuu kabla Waingereza hawajafika.

Huko Mpwapwa mwezi Juni alikutana na Carl Peters, aliyekuwa akirudi kutoka Buganda na mkataba aliotiliana sahihi na Kabaka Mwanga. Lakini tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilipatana huko Ulaya juu ya mpaka wao. Mstari ulichorwa kwenye latitudo ya digrii 1 kusini ya ikweta, ukakata Ziwa Viktoria katikati. Buganda iliachiwa Waingereza na mkataba wa Peters ukakosa thamani. Watawala wa kandokando ya ziwa hawakuulizwa.

Emin alifika Tabora mwishoni mwa Julai. Maafisa wengi wa Kijerumani waliamini kwamba mji huo wa biashara ungetekwa tu kwa vita. Emin aliongea na Waarabu wa Tabora kwa lugha yao na kufanya nao mapatano: walikubali bendera ya Ujerumani, na Seif bin Sad akawekwa kuwa liwali. Mapatano hayo hayakumaliza tatizo la mtemi Isike wa Unyanyembe, ambaye nchi ilikuwa yake. Miaka miwili baadaye Wajerumani walimshambulia Isike, na Januari 1893 alijilipua kwa baruti ndani ya ngome yake badala ya kukamatwa.

Bukumbi, Busisi na Masanza

Mwishoni mwa Septemba 1890 Emin alifika kwenye ghuba ya Mwanza. Mji wa Mwanza ulikuwa bado haujaanzishwa; kituo cha Wajerumani kiliwekwa huko mwaka 1892. Mahali palipojulikana na wageni palikuwa Bukumbi upande wa mashariki wa ghuba, penye misheni ya Mapadre Weupe, na Busisi upande wa pili wa maji, palipovukiwa na misafara iliyoelekea magharibi. Leo daraja la Kigongo–Busisi linavuka ghuba hiyohiyo.

Eneo hili lilikuwa tayari limeingizwa katika siasa za Buganda. Kabaka Mwanga alipopinduliwa mwaka 1888 alikimbilia Magu na kisha Bukumbi. Alirudishwa madarakani kwa msaada wa Charles Stokes, mmisionari wa zamani aliyegeuka kuwa mfanyabiashara wa bunduki na pembe za ndovu. Bunduki zilivuka ziwa kuelekea kaskazini, na pembe za ndovu na watumwa walipelekwa kusini. Stokes naye alikuwa ameajiriwa na Wajerumani, lakini yeye na Emin hawakuelewana.

Hapa Emin alichagua vita. Mwezi Oktoba alituma kikosi dhidi ya makazi ya wafanyabiashara Waarabu huko Masanza kwenye Ghuba ya Speke, akiyaona kama kitovu cha biashara ya watumwa. Makazi yalitekwa na mali ikachukuliwa. Tendo hilo liliwapendeza wamisionari, lakini lilipunguza imani ya Waarabu wengine waliokuwa wamepatana naye Tabora wiki chache tu kabla.

Kuundwa kwa Bukoba

Kutoka upande wa kusini Emin alisafiri kwa mitumbwi kando ya mwambao wa magharibi hadi nchi ya Wahaya. Huko hakukuwa na dola moja kubwa. Kulikuwa na falme kadhaa, kila moja na mukama wake: Kiziba, Kyamtwara, Kianja, Ihangiro, Karagwe na nyinginezo. Buganda ilikuwa na mazoea ya kuziingilia na kudai kodi, hasa kutoka zile za kaskazini. Karagwe, iliyokuwa na nguvu wakati wa Rumanyika, ilidhoofika baada ya kifo chake kutokana na ugomvi wa urithi.

Mnamo Novemba 1890 Emin alianza kujenga kituo kando ya maji katika nchi ya Mukotani, mukama wa Kyamtwara. Mahali hapo palikuwa na faida kadhaa. Chakula kilikuwa kingi kutokana na migomba ya Wahaya, njia ya maji kwenda Buganda ilikuwa karibu, na mpaka mpya wa Waingereza haukuwa mbali. Kutoka hapo iliwezekana kuzuia bunduki zisipite kwenda kaskazini. Kituo hiki ndicho mwanzo wa mji wa Bukoba.

Emin hakuwa na nguvu ya kuzishinda falme za Wahaya, na hakujaribu. Alizungumza na watawala wao. Watawala nao walipima faida zao. Kwa falme zilizochoka na madai ya Buganda, kituo cha wageni kilikuwa kinga. Kwa wengine kilikuwa nafasi ya kumshinda jirani. Kahigi wa Kianja alifaulu zaidi: alishirikiana na Wajerumani mapema, na katika miaka iliyofuata akapanua nchi yake kwa kuumiza falme jirani, ikiwemo Kyamtwara yenyewe. Hivyo amani iliyopatikana bila vita kubwa haikuwa sawa kwa wote. Mukotani, aliyekuwa mwenyeji wa kituo, alikuwa kati ya waliopoteza.

Safari ya mwisho na kifo

Wissmann hakuridhika. Aliona kwamba Emin anafanya mambo bila kufuata maagizo, akamtaka arudi pwani. Emin hakurudi. Februari 1891 alimwacha Langheld kuwa mkuu wa Bukoba, akaondoka na Stuhlmann kupitia Karagwe kuelekea Ziwa Edward na Ziwa Albert, nje ya mipaka ya Ujerumani. Alitumaini kuwapata askari wake wa zamani waliobaki huko chini ya Selim Bey na kuingia nao ndani zaidi ya bara. Alipokutana nao mwaka 1891 wengi walikataa kumfuata. Bado walijiona watumishi wa Misri. Miezi michache baadaye Frederick Lugard aliwachukua kwa ajili ya Waingereza.

Msafara ulikwama magharibi ya Ziwa Albert, na ndui ikaingia kambini. Desemba 1891 Emin alimwamuru Stuhlmann awaongoze watu wenye afya kurudi Bukoba, naye akabaki na wagonjwa. Stuhlmann alifika Bukoba Februari 1892. Emin, karibu kipofu, aliendelea baadaye kuelekea magharibi katika msitu wa Kongo pamoja na wafanyabiashara wa Kimanyema.

Wakati huo vita ilikuwa imeanza kati ya Dola Huru la Kongo la Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji na mabwana Waarabu na Waswahili wa mashariki ya Kongo. Kila Mzungu alionekana kuwa adui, na tendo la Masanza lilikuwa halijasahauliwa. Emin alikuwa akisafiri kuelekea kwa Kibonge, mmoja wa mabwana hao. Tarehe 23 Oktoba 1892, katika kijiji cha Kinena, aliuawa kwa amri ya Kibonge, akiwa hana walinzi wala silaha. Alikuwa na umri wa miaka 52. Baadaye wanajeshi wa Dola la Kongo walipata shajara zake, na Kibonge alikamatwa na kuuawa.

Kazi ya elimu ya viumbe

Katika miaka yake yote barani Afrika Emin alikusanya ndege, wanyama, mimea na maneno ya lugha za wenyeji, akaandika vipimo vya hali ya hewa karibu kila siku. Alituma vielelezo kwa makumbusho ya Ulaya na kuandikiana na wataalamu kama Gustav Hartlaub wa Bremen. Spishi kadhaa zimepewa jina lake, zikiwemo shomoro mdogo wa Afrika ya Mashariki, Passer eminibey, na panya buku wa misitu, Cricetomys emini. Stuhlmann aliandika kitabu kikubwa juu ya safari yao, kilichotolewa mwaka 1894, na baadaye akahariri shajara za Emin.

Baada yake

Bukoba iliendelea kuwa kituo muhimu cha Wajerumani magharibi ya ziwa. Tangu mwaka 1906 ilikuwa makao ya residenti, yaani utawala wa Kijerumani uliofanya kazi kwa kupitia wakama, kama ilivyokuwa pia Rwanda na Burundi. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Juni 1915, kikosi cha Waingereza kilivuka ziwa kutoka Kisumu, kikaishambulia Bukoba na kubomoa ngome pamoja na kituo cha simu ya upepo. Mpaka wa digrii 1 kusini ambao Bukoba iliwekwa kuulinda ulibaki: leo ndio sehemu ya mpaka kati ya Tanzania na Uganda.

Askari wa Emin waliochukuliwa na Lugard waliingizwa katika jeshi la Waingereza. Wazao wao wanajulikana kama Wanubi, na jumuiya zao ziko Uganda pamoja na Kibera jijini Nairobi.

Kwenye ramani, kona ya kusini-magharibi ya Ziwa Viktoria bado huitwa Ghuba ya Emin Pasha. Binti yake Ferida alipelekwa Ujerumani na kulelewa na Melanie, dada yake Emin.